Umekuja nyumbani Krismasi, nyumba ya Marekani umeiachia theluji: bima italipa nini?

Kila mwaka ikifika wiki ya pili ya Januari, dawati letu la huduma kwa wateja hupata swali moja kutoka kwa watu wengi: "Mbona pesa haijaingia?" Mara nyingi shida huwa si mtandao wala wakala. Mwaka mmoja alitupigia mama mmoja wa upande wa Nyeri, barua ya shule iko mkononi. Kijana wake anaishi Minnesota na alikuwa amekuja Krismasi na familia yote, wiki nne nzima. Kabla ya kufunga mlango kule, alikuwa amezima hita ili asilipie gesi ya nyumba isiyo na mtu. Ni hesabu ya kawaida kabisa. Hata sisi huku tukisafiri tunazima swichi kuu.

Waliporudi walikuta sakafu ya chini imegeuka uwanja wa barafu na dari ya jikoni imeanguka. Akapigia kampuni yake ya bima, ambayo alikuwa ameilipa miaka mingi bila kukosa mwezi. Wakamuuliza swali moja tu: hita ilikuwa imewashwa? Alisema ukweli. Bima haikulipa, na pesa ya karo ikaenda kwa fundi.

Sisi kazi yetu ni kuhamisha pesa, hatuuzi bima. Lakini Marekani ndiko kunakotoka sehemu kubwa zaidi ya pesa zinazotumwa Kenya na ndugu walio ng'ambo, na tumeona vile dhoruba moja ya theluji inavyoweza kukausha laini ya simu ya mzazi huku kijijini. Kwa hivyo makala haya ni ya wewe uliye kule, na pia ya wewe uliye hapa unayemngojea. Yasomeni pamoja kwenye kikundi cha familia, ikiwezekana mwezi wa Oktoba, kabla tiketi hazijakatwa.

Kwa nini paipu hupasuka

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi. Ndani ya paipu iliyofungwa pande zote hayana pa kwenda, kwa hivyo presha hupanda mpaka chuma au plastiki inaachana. Balaa lenyewe huonekana barafu inapoanza kuyeyuka: maji ya mtaa yanaendelea kusukumwa ndani, na pale palipopasuka panamwaga usiku na mchana mpaka mtu afunge.

Mafundi wa kule huanza kuwa na wasiwasi joto la nje likishuka kufika nyuzi 7 chini ya sifuri kwa kipimo cha selsiasi. Minneapolis usiku wa Januari huvuka hapo bila hata kuitwa dhoruba. Ndiyo maana nyumba za Minnesota zimejengwa kwa kuijua baridi, na paipu zimefichwa mbali na kuta za nje. Texas ni hadithi nyingine.

Wakenya wengi wamehamia Dallas na Houston kwa sababu kuna kazi na hakuna baridi. Februari 2021 baridi iliwafuata huko. Visima na mitambo ya gesi iliganda, mitambo ya kuzalisha umeme ikaanza kuzima mmoja baada ya mwingine, na usiku wa kuamkia tarehe 15 wasimamizi wa gridi wakaamuru stima ikatwe ili mfumo wote usianguke. Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4 zilikaa gizani, nyingine kwa siku kadhaa. Hita hazifanyi kazi bila stima, hata zile za gesi huhitaji stima ya kuendesha feni. Paipu zilipasuka jimbo zima. Hesabu rasmi ya idara ya afya ya Texas ilifikisha waliokufa kuwa 246. Kwa hivyo kama ndugu yako anakwambia "huku kwetu hakuna theluji," mkumbushe mwaka huo.

Bima ya nyumba inatazama nini

Mkataba wa kawaida wa bima ya nyumba kule Marekani hulipa hasara iliyotokea ghafla na kwa bahati mbaya. Paipu imepasuka kwa baridi, maji yamemwagika, ukuta na zulia vimeharibika: hiyo inalipwa. Paa limelemewa na uzito wa theluji likabomoka: inalipwa. Mti umeangukia nyumba kwa upepo wa dhoruba: inalipwa. Nyumba haikaliki na unalala hotelini huku ikitengenezwa: mikataba mingi hulipa gharama hiyo ya ziada, lakini kwa risiti. Paipu yenyewe iliyochakaa mara nyingi utainunua mwenyewe. Bima inatengeneza kile maji yaliharibu.

Sasa soma masharti yaliyo chini. Sehemu ya paipu zilizoganda huwa na maneno ya kusema kwamba italipa ikiwa mwenye nyumba alifanya juhudi ya kutosha kuweka nyumba na joto, au alifunga maji na kuyatoa yote kwenye paipu. Ukifanya moja kati ya hayo mawili uko sawa. Yule kijana wa Minnesota hakufanya hata moja. Kilichomponza kilikuwa kutosoma mstari huo, kwa sababu kufunga maji kungemgharimu dakika kumi na hakungemzuia kuzima hita.

Texas 2021 ilikuwa tofauti kwa jambo hilo. Aliyekatiwa stima na serikali ya gridi hakuzima hita yake mwenyewe, na kwa kawaida huyo hahesabiwi kuwa mzembe.

Kuna kitu kingine ambacho bima ya nyumba haigusi kabisa, nacho ni mafuriko. Theluji ya futi tatu ikiyeyuka Machi na maji yakaingia kutoka nje kupitia mlango wa chini, hayo yanaitwa mafuriko, na mafuriko yana bima yake ya pekee. Ile ya mpango wa serikali ya shirikisho huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Hauwezi kutazama utabiri wa hali ya hewa Jumatatu ukainunua Jumanne. Kwa bima, maji ya paipu na maji ya theluji iliyoyeyuka ni vitu viwili tofauti, hata kama yameharibu kochi moja.

Kama unakodisha

Wengi wanaoanza maisha kule wanaishi kwa nyumba za kukodi, na hapa ndipo tunasikia kosa kubwa kuliko yote: "Mwenye nyumba ana bima." Ni kweli anayo. Inalipa kuta zake na paa lake. Godoro lako, tarakilishi, viatu vya kazi, nguo za watoto na ile televisheni ya Ijumaa ya Novemba haviko ndani.

Bima ya mpangaji ndiyo ya vitu vyako, na kwa nyumba nyingi haizidi dola 20 hivi kwa mwezi. Hulipa pia kama wewe ndiye uliyesababisha hasara kwa mwingine. Tuseme ulifungua dirisha la jikoni kutoa harufu ya kitunguu, ukaenda zamu ya usiku ukalisahau wazi, paipu ya sinki ikaganda na kupasuka, na mpangaji wa chini akalowa. Bila bima hiyo, huyo jirani anakudai wewe.

Ukiinunua, uliza swali moja: mnalipa bei ya kitu kipya, au bei ya kitu changu kilivyo sasa kikiwa kimechakaa? Ile ya bei ya kipya inagharimu zaidi kidogo kwa mwezi. Ile nyingine itakuhesabia kochi la miaka saba kama mtu anayelinunua Gikomba.

Gari: neno moja lenye maana mbili

Mkenya aliyewahi kuwa na gari hapa anajua bima ni mbili: thadi pati, na komprihensivu. Ukichukua komprihensivu unajua umefunikwa, ukigonga au ukigongwa. Ukifika Marekani na elimu hiyo unaweza kuumia, kwa sababu neno hilo hilo kule lina maana finyu. Komprihensivu ya Marekani hulipa mambo yasiyo ya kugongana: tawi lililoangukia gari, barafu iliyoporomoka kutoka paa la jengo, mvua ya mawe, wizi, kugonga paa wa msituni. Gari likiteleza kwenye barafu likavaa nguzo ya taa au gari la mwenzako, hiyo inaitwa kolishoni, na hununuliwa kando. Asiyekuwa nayo anatengeneza gari lake kwa mfuko wake.

Sheria ya jimbo yenyewe hulazimisha zaidi ile ya kulipa hasara ya wengine. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa na bima halali, karatasi safi, polisi hawana neno naye, na bado gari likiteleza asubuhi ya theluji akose usafiri wa kwenda kazini. Gari kuukuu la dola 2,000 pengine halifai kununuliwa kolishoni. Hiyo ni hesabu ya kila mtu. Shida ni kudhani unayo na huna.

Na wale mnaobeba abiria au chakula kupitia programu za simu: bima ya kawaida ya gari binafsi kwa kawaida haifuniki kazi ya malipo. Siku ya theluji bei za safari hupanda, ndiyo, na ni rahisi kushawishika. Piga simu kwa ajenti kwanza, uulize kama kuna nyongeza ya kazi hiyo.

Ile pesa ya kwanza unayotoa wewe

Hapa Kenya tunaiita eksesi. Kule wanaiita didaktibo. Ni ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye bima anaibeba kabla kampuni haijatoa chochote. Kama eksesi yako ni dola 1,000 na maji yameharibu vitu vya dola 900, haupati kitu. Kama ni vya dola 7,000, unapata 6,000. Kwa upepo na mvua ya mawe, kuna mikataba inayoiandika kwa asilimia, na asilimia hiyo ni ya kiwango ambacho nyumba imewekewa bima, si ya hasara. Asilimia 2 ya nyumba ya dola 300,000 ni dola 6,000 kutoka mfukoni mwako.

Watu hupandisha eksesi ili malipo ya kila mwezi yashuke. Si vibaya, ila pesa hiyo iwe mahali. Dola 1,000 kwa kiwango cha shilingi 129 ni shilingi 129,000. Karo iliyowekwa na Wizara ya Elimu kwa shule za kitaifa za bweni ni shilingi 53,554 kwa mwaka, achilia mbali vile shule zenyewe huongeza juu. Yaani eksesi moja ya theluji inameza zaidi ya miaka miwili ya karo, na Januari ndio mwezi ambao karo ya muhula wa kwanza, ile nzito kuliko zote, inadaiwa. Baridi kali kule na kufunguliwa kwa shule hapa huangukia wiki zile zile.

Kwa hivyo ombi letu kwa wazazi na ndugu walio hapa, na tunajua si rahisi kulisema mbele ya watu: msimkamue mtu mpaka senti ya mwisho mwezi wa Disemba. Akija na kuwalisha mbuzi, akachangia harusi ya binamu, akaweka mabati ya cucu, akarudi kule akaunti ikiwa sifuri, dhoruba ya kwanza itampata bila eksesi. Wateja wetu wengine wameamua kutuma karo kidogo kidogo kuanzia Septemba, ikakaa kwenye akiba iliyofungwa mpaka Januari. Ikifika baridi, karo tayari iko hapa na eksesi iko kule.

Siku ya kufunga nyumba

Kama unasafiri kuja nyumbani kati ya Novemba na Machi, usizime hita. Ishushe, lakini isiende chini ya nyuzi 13 za selsiasi, ambazo kwenye kipimo chao ni 55. Kama una nafasi ya kutafuta valvu kuu ya maji, ifunge, kisha fungua mifereji yote mpaka itoe hewa tupu. Ila kama nyumba inapashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka kwenye paipu, au ina mfumo wa kunyunyizia maji wakati wa moto, muulize fundi kwanza usije ukaharibu. Wapangaji: mwarifu mwenye nyumba kwa ujumbe wa maandishi kwamba hautakuwepo.

Acha ufunguo kwa mtu. Awe wa kanisani, wa chama, jirani Mmarekani, yeyote, ili apite kila baada ya siku mbili tatu na hasa baada ya usiku wa baridi kali. Soma pia mkataba wako unasema nini kuhusu nyumba isiyokaliwa kwa muda mrefu. Na kabla ya kufunga mlango, tembea na simu ukirekodi video: kila chumba, fungua kabati, onyesha hita imewashwa na namba inaonekana. Jitumie kwa barua pepe. Dakika tano. Ikitokea jambo, video hiyo ina tarehe na haibishani na mtu.

Na ukiwa ndani dhoruba ikiwa nje

Usiku wa baridi kali acha mfereji udondoshe maji kidogo kidogo, na ufungue milango ya kabati la chini ya sinki ili joto liingie. Jua valvu kuu iko wapi kabla giza halijaingia. Chaji simu zote. Gari liwe na angalau nusu tangi, blanketi, koleo, maji na kitu cha kutafuna. Ukikwama barabarani, kaa ndani ya gari. Buffalo, jimbo la New York, Krismasi ya 2022, dhoruba iliua zaidi ya watu 40, na baadhi yao walikutwa ndani ya magari yaliyofunikwa au nje kwenye theluji. Ukiwasha injini upate joto, iwe dakika kumi hivi kwa saa, na kwanza utoe theluji iliyoziba ekzosi.

Hili la mwisho Mkenya hafai kufundishwa, lakini tunalisema. Stima ikipotea, usiingize jiko la makaa ndani, wala jenereta, wala usiwashe gari ndani ya banda lake hata mlango ukiwa wazi. Tunazijua habari za jiko za kila Julai hapa kwetu. Texas 2021 walikufa watu kwa moshi huo huo usio na harufu, wengine wakiwa wametafuta joto kwa ajili ya watoto.

Hasara ikitokea

Funga maji. Piga picha kabla ya kutupa chochote, hata kama zulia linanuka. Kisha uokoe kinachookolewa: panguza, sogeza, funika. Bima inatarajia uzuie hasara isikue, na hulipa gharama ya kufanya hivyo ukihifadhi risiti. Piga simu kwa kampuni siku hiyo hiyo, uandike namba ya dai na jina la uliyeongea naye. Usimlipe fundi pesa zote mbele. Baada ya kila dhoruba hutokea mafundi wa kugonga mlango ambao kesho hauwapati.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na mstari wa mkataba waliotumia. Kila jimbo lina ofisi inayosimamia bima, kama vile IRA hapa Kenya, na kupeleka malalamiko huko ni bure. Minnesota hiyo kazi iko chini ya Idara ya Biashara. Texas wana Idara ya Bima. Rais wa Marekani akitangaza janga, shirika la FEMA huweza kusaidia kwa kile bima haikulipa. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuomba, na mzazi asiye na karatasi huweza kuomba kwa niaba ya mtoto aliyezaliwa kule. Fomu haina ada. Anayedai ada ni mwizi.

Na wezi hawangoji theluji iyeyuke. Ujumbe wa kwanza huja huku: "Mum simu yangu imeharibika na maji, hii ndio namba mpya, kuna mtu anisaidie na elfu kumi nitarudisha." Mwingine hujifanya ni sisi: pesa yako imekwama kwa sababu ya dhoruba, lipa ada kidogo iachiliwe, au tupe PIN tuisukume. Theluji haishiki pesa iliyokwisha kutumwa kwa simu. Inaweza kumshika anayetuma, kwa sababu hana stima, benki yake imefungwa au hajafika kazini wiki nzima. Mpigie kwa namba ile ya zamani, kwa video ikiwezekana, na asiposhika ngoja. Kule stima inaweza kukaa siku tatu. PIN yako hatutaiuliza, iwe theluji au jua.